Kutibu Wasiwasi wa Watoto na Vijana katika Huduma ya Afya ya Msingi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtoto mwenye wasiwasi uliopitiliza ni nadra kuletwa kituo cha afya kwa sababu ya wasiwasi huo. Huletwa kwa sababu tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi, au kichwa kinamgonga, au usiku hapati usingizi, au moyo unamwenda mbio na mama yake anahofia kwamba una hitilafu. Anapimwa, majibu yanatoka safi, anapewa dawa ya maumivu na karatasi ya mapumziko ya siku tatu, na baada ya wiki mbili yuko tena kwenye benchi la kusubiri. Katika mzunguko huo hakuna aliyefanya uzembe, lakini kila mmoja, kituo chenyewe kikiwamo, amemsaidia mtoto kukwepa kile anachokiogopa, na kukwepa ndiko kunakoulisha wasiwasi. Hatua zote zinazofuata zimesimama juu ya jambo hilo moja.

Mwongozo umeandikwa kwa tabibu, muuguzi au daktari wa kawaida ambaye ana dakika 15 au 20 na mgonjwa na hana mwanasaikolojia mlango wa pili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 4 ya vijana wa miaka 10 hadi 14, na karibu asilimia 5 ya wale wa miaka 15 hadi 19, wana ugonjwa wa wasiwasi. Idadi hiyo ni kubwa mno kuachiwa mabingwa peke yao, na kwa bahati nzuri sehemu kubwa ya tiba yenyewe haihitaji bingwa.

Hatua ya 1: Tenganisha woga wa umri na ugonjwa

Kila umri una hofu zake. Mtoto wa kati ya miezi minane na mwaka mmoja na nusu hulia akiachwa na mzazi, wa miaka mitatu hadi mitano huogopa giza, wanyama na viumbe vya kufikirika, wa umri wa shule ya msingi huanza kufikiria ajali, magonjwa na kifo, na aliyebalehe huogopa zaidi kuchekwa au kukataliwa na wenzake. Hofu hizi huja na kupita zenyewe. Tunaanza kuzungumzia ugonjwa pale hofu inapokuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, inapodumu, na inapomnyang'anya mtoto mambo ambayo wenzake wanayafanya, kama vile kwenda shule, kulala kitandani kwake, kula mbele ya watu, kucheza na kupata marafiki.

Sura zake ni chache na inafaa kuzifahamu. Katika wasiwasi wa kutengana, mtoto huamini kwamba jambo baya litampata yeye au mzazi wakiachana, na kwa watoto dalili hizo zinatakiwa ziwe zimedumu angalau wiki nne. Wasiwasi wa jumla ni wa mtoto anayehangaikia kila kitu, kuanzia mtihani hadi afya ya bibi, kwa miezi sita au zaidi. Wasiwasi wa kijamii, ambao mara nyingi huanza karibu na kubalehe, ni hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu, na huu ndio unaopotezwa zaidi kwa kuitwa haya au adabu. Kuna hofu ya kitu mahususi kama sindano au mbwa, na kuna mashambulizi ya hofu ya ghafla, ambayo huwapata zaidi vijana kuliko watoto wadogo. Mwisho kuna mtoto anayezungumza vizuri nyumbani lakini anakuwa kimya kabisa shuleni kwa zaidi ya mwezi mmoja, ukiacha ule mwezi wa kwanza wa kuanza shule. Huyu si mkaidi, na kumlazimisha aseme mbele ya darasa humzidishia. Mtoto mmoja anaweza kuwa na sura mbili au tatu kwa pamoja, hivyo usipoteze muda mwingi kutafuta jina moja lililo sahihi, kwa kuwa tiba ya kuanzia inafanana.

Hatua ya 2: Chukua historia na umchunguze, ukizungumza lugha mbili tangu siku ya kwanza

Anza na mtoto na mzazi wakiwa pamoja, kisha zungumza na mzazi peke yake, na kwa mtoto wa kuanzia miaka kumi hivi zungumza naye pia peke yake, baada ya kuwaeleza wote wawili kwamba atakayoyasema yatabaki siri isipokuwa pale maisha yake au ya mtu mwingine yatakapokuwa hatarini. Uliza maumivu huja siku gani na saa ngapi, na hupotea lini. Tumbo linalouma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likanyamaza saa tatu baada ya uamuzi wa kubaki nyumbani, na ambalo halijawahi kuuma wakati wa likizo, limekwisha kujieleza. Uliza pia nini mtoto amekiacha kwa sababu ya hofu na nani anamfanyia kile asichokifanya, kwa sababu majibu ya maswali haya mawili utayatumia katika hatua ya 6.

Mpime uzito, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, tazama shingo kama tezi imevimba, sikiliza moyo na mapafu. Magonjwa yanayoweza kuvaa sura ya wasiwasi ni pamoja na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, pumu, upungufu wa damu, sukari kushuka, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na aina fulani za kifafa. Uliza dawa na vinywaji: salbutamoli, steroidi, dawa za mafua za kuzibua pua, dawa zinazotumika kwa watoto wasiotulia, vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi, nikotini na bangi, vyote vinaweza kuleta mapigo ya haraka, mikono kutetemeka na kukosa usingizi. Maumivu yanayomwamsha mtoto usingizini, kupungua uzito, homa za kurudi, damu kwenye choo, kichwa kinachouma pamoja na kutapika asubuhi, na kuzimia wakati wa kukimbia si dalili za wasiwasi mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo.

Agiza vipimo vinavyodaiwa na dalili, na uviagize vyote kwa mkupuo mmoja. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Mhudumu anayesubiri mpaka majibu yatoke safi ndipo ataje wasiwasi kwa mara ya kwanza humfanya mzazi asikie kwamba mtoto hana kitu, au anajifanya. Mhudumu anayetaja mambo yote mawili tangu mwanzo hapati shida hiyo. Unaweza kusema hivi: “Mama, maumivu haya ni ya kweli, mtoto hayatungi. Tumbo huuma kwa sababu ya vidonda au minyoo, na huuma pia kwa sababu ya hofu, kwa kuwa utumbo na ubongo vina mishipa inayowasiliana. Leo tunaanza kuangalia pande zote mbili.” Majibu yakitoka safi, mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia, na hakuna sababu ya kuongeza kipimo kingine ili kumtuliza mzazi. Kipimo cha kutuliza hutuliza kwa siku chache tu.

Hatua ya 3: Tumia dodoso, lakini lisikuamulie

Mwezi Oktoba 2022 jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilipendekeza watoto wa miaka 8 hadi 18 wapimwe wasiwasi hata kama hawajalalamika, na likasema ushahidi hautoshi kwa walio na umri wa miaka 7 kushuka chini. Dodoso linalotumika sana ni SCARED, lenye maswali 41 na nakala mbili, ya mtoto na ya mzazi, ambapo alama 25 au zaidi huashiria kwamba huenda kuna ugonjwa. Ipo pia nakala fupi ya maswali matano, ambayo alama 3 zinatosha kukutahadharisha. Kwa vijana wakubwa GAD-7 ni fupi na ya bure, yenye alama 0 hadi 21, na alama 10 kwenda juu kwa kawaida huhesabiwa kuwa wasiwasi wa kiasi au mkali.

Alama za mtoto na za mzazi mara nyingi hazilingani. Usitafute wastani. Mtoto hujua zaidi yaliyo moyoni, mzazi huona zaidi yaliyoachwa kufanywa, na tofauti yenyewe ni mwanzo mzuri wa mazungumzo. Faida kubwa ya dodoso, kwa maoni yangu, si kugundua ugonjwa bali kuwa na namba ya kulinganisha baada ya wiki sita.

Hatua ya 4: Hakikisha usalama kabla ya kuanza tiba

Muulize kila kijana, akiwa peke yake, kuhusu kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Maneno yawe ya kawaida: “Mtu akizidiwa na hofu, wakati mwingine hufika mahali akatamani asingekuwepo. Wewe umewahi kufika hapo?” Akikubali, uliza kama amefikiria namna, kama ana kifaa au dawa za kufanyia hivyo, na kama amewahi kujaribu. Mwenye mpango hatoki kituoni bila mtu mzima wa kukaa naye, dawa na vitu hatari nyumbani vimefungiwa, na rufaa ya siku hiyo hiyo. Uliza pia kuhusu sonona, maana wasiwasi na sonona husafiri pamoja, hasa kwa vijana balehe.

Kisha uliza kama hofu ina sababu halisi. Mtoto anayeogopa kurudi nyumbani kwa sababu anapigwa, au anayeogopa njia ya shule kwa sababu kuna mtu anayemshika kwa nguvu, hana ugonjwa wa wasiwasi. Ana akili timamu. Mbinu za kumzoesha hofu, zitakazoelezwa hapa chini, zikitumiwa kwa mtoto wa namna hii ni ukatili juu ya ukatili. Kwanza anahitaji ulinzi. Hali kadhalika kwa anayeonewa na wenzake: shule ishughulikie uonevu, ndipo ushughulikie hofu iliyobaki.

Hatua ya 5: Eleza ugonjwa kwa dakika tano

Maelezo mazuri ni tiba, tena yana nguvu kuliko yanavyodhaniwa. Mwambie mtoto kwamba mwilini mwake kuna kengele ya hatari ambayo kazi yake ni kumlinda, na kwamba kengele yake ni nzima ila inalia upesi mno, kama ile ya moto inayopiga kelele mtu akiwasha kiberiti tu. Ikilia, moyo hukimbia ili miguu ipate damu ya kukimbilia, pumzi huwa za haraka, tumbo husokota kwa sababu usagaji wa chakula umesimamishwa. Ni dalili zinazochosha lakini haziui.

Kisha chukua kalamu, geuza kadi ya kliniki, na mchoree mstari unaopanda, unaofika kilele, halafu unaoshuka polepole. Mwambie kwamba hofu hushuka yenyewe mtu akibaki pale alipo. Halafu chora mstari wa pili unaopanda na kukatika ghafla kileleni, na uandike chini yake jina la kile anachofanya: kukimbilia nyumbani, kumpigia mama simu, kujifanya mgonjwa. Mwonyeshe kwamba anayekimbia akiwa kileleni hapati kamwe nafasi ya kuona mstari ukishuka, kwa hiyo mara ijayo ubongo wake utaamini kwamba aliokoka kwa sababu alikimbia. Watoto wa miaka tisa huelewa mchoro huu bila taabu, na mara nyingi mzazi aliyekaa pembeni ndiye anayeshtuka zaidi.

Hatua ya 6: Punguza kile ambacho familia inakifanya ili hofu isitokee

Mzazi anayelala na mtoto wa miaka kumi na mmoja ili asilie, anayemjibia dukani, anayejibu swali lile lile la “Utarudi lini?” mara ishirini kwa jioni moja, anafanya kwa upendo, na kwa kila kitendo anamthibitishia mtoto kwamba hatari ipo na kwamba yeye hana uwezo nayo. Eli Lebowitz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale walitengeneza tiba iitwayo SPACE inayofanywa na wazazi peke yao, mtoto hahudhurii, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020, wenye watoto 124 wa miaka 7 hadi 14, matokeo yake hayakuwa duni kuliko ya tiba ya fikra na mwenendo (CBT, tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kubadili namna ya kufikiri na kutenda) aliyopewa mtoto mwenyewe. Kwa kituo cha afya hii ni habari kubwa: ukiweza kubadili mwenendo wa mzazi, unaweza kumtibu hata mtoto aliyekataa katakata kuzungumza nawe.

Mwombe mzazi ataje vitu vyote anavyovifanya kwa ajili ya hofu ya mtoto, kisha mchague kimoja, kile kinachotokea mara nyingi na ambacho kinaweza kupimika. Mzazi amwambie mtoto mapema, wakati wa utulivu na si katikati ya kilio, kwamba kuanzia siku fulani atabadilisha jambo hilo, na asimtake mtoto akubali, kwa sababu anachobadilisha ni mwenendo wake yeye mzazi. Kwa mfano: “Mwanangu, najua kulala peke yako kunakutisha, na ninajua unaweza kuvumilia. Kuanzia Ijumaa nitakaa kwenye kiti mlangoni mpaka usinzie, sitalala kitandani kwako tena.” Sentensi ya namna hii ina sehemu mbili, kukubali hofu na kuonyesha imani, na zote zinahitajika, mzazi anayesema “acha uoga” ameacha ya kwanza, na anayesema “pole, basi usiende” ameacha ya pili. Mtahadharishe kwamba siku za mwanzo kilio kitaongezeka, kwamba hiyo ni dalili ya badiliko wala si ya madhara, na kwamba akirudi nyuma usiku wa tatu atakuwa amemfundisha mtoto kulia kwa muda mrefu zaidi. Wazazi wote wawili, na yeyote anayelea pamoja nao, wawe wamekubaliana kabla ya kuanza.

Hatua ya 7: Jenga ngazi ya hofu na mtoto mwenyewe

Hiki ndicho kiini cha tiba ya fikra na mwenendo kwa wasiwasi, na ndicho kinachoachwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa mhudumu humwonea mtoto huruma na kuishia kumfundisha kupumua. Mtoto apange hali anazoziogopa kuanzia nyepesi hadi nzito, kila moja akiipa alama kati ya 0 na 10.

Chukua msichana wa miaka 12 asiyeweza kujibu swali darasani. Ngazi yake inaweza kuanza na kusoma aya moja kwa sauti mbele ya mama, ambayo anaipa 2. Kumpigia shangazi simu na kumuuliza jambo ni 3. Kumuuliza mwalimu swali baada ya kipindi, wakiwa wawili, ni 4. Kunyoosha mkono na kutoa jibu ambalo yeye na mwalimu wamelipanga tangu asubuhi ni 6, kujibu bila kupanga ni 7, na kileleni, kwenye 9, kuna kutoa kwa makusudi jibu ambalo anajua si sahihi. Ngazi hiyo ya mwisho huwashangaza wazazi, lakini ndiyo inayomfundisha kile hasa anachohitaji kujua, yaani kwamba kukosea mbele ya watu kunavumilika na kwamba baada ya dakika mbili darasa limekwisha kusahau.

Mazoezi yenyewe ayaanzie kwenye hali aliyoipa alama 3 au 4, kwani iliyo nyepesi mno haifundishi na iliyo nzito mno humfukuza. Kabla ya kila zoezi aseme anadhani nini kitatokea. Baada yake aseme kilichotokea, na mzazi aandike yote mawili kwenye daftari. Abaki katika hali hiyo mpaka hofu ishuke angalau nusu, au mpaka muda mliokubaliana uishe hata kama haijashuka, lakini asiondoke ikiwa kileleni. Arudie ngazi ile ile mara kadhaa kwa wiki, ikiwezekana kila siku, na apande inapoanza kumchosha badala ya kumtisha. Kuwa macho na njia za siri za kukwepa: kutazama sakafu, kushika simu mkononi, kumnong'oneza rafiki amjibie, kunywa maji kila sekunde. Zoezi lililofanywa kwa mbeleko hizi halifuti hofu.

Kupumua polepole na kulegeza misuli kunafaa kwa mtoto ambaye mwili wake umekaza mchana kutwa, au kumsaidia kulala. Ila mtoto akianza kuamini kwamba bila kupumua kwa hesabu atazimia, basi kupumua kumekuwa njia mpya ya kukwepa, na unapaswa kuondoa kupumua huko kwenye zoezi. Sifa na zawadi ndogo zitolewe kwa kujaribu, hata kama mikono ilitetemeka. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba ngazi huwa fupi, ya mchezo, na anayeiongoza ni mzazi.

Hatua ya 8: Mrudishe shuleni mapema

Kila siku ya kukosa shule huongeza uzito wa siku ya kurudi, kwa hiyo karatasi ya mapumziko kwa mtoto mwenye wasiwasi ni dawa yenye madhara, na itolewe kwa uangalifu uleule. Aliyekosa siku chache arudi kesho yake. Aliyekosa wiki nyingi arudi kwa mpango: saa mbili za kwanza, kisha hadi mapumziko, kisha siku nzima, tarehe zote zikiwa zimeandikwa. Andika barua fupi kwa shule kuomba mambo matatu tu: mtu mzima mmoja wa kumpokea mlangoni, mahali pa kutulia kwa dakika kumi kisha kurudi darasani, na kutomrudisha nyumbani kwa maumivu ambayo tayari yamechunguzwa. Hakikisha pia kwamba anaona na kusikia vizuri na hana tatizo la kusoma, maana anayeogopa darasa kwa sababu haoni ubao anahitaji miwani.

Usingizi usisahaulike. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, wa miaka 13 hadi 18 anahitaji 8 hadi 10, na simu ilale chumba kingine.

Hatua ya 9: Fikiria dawa pale inapostahili

Wasiwasi mwepesi na wa kiasi hutibiwa kwanza bila dawa. Kabla ya kwenda mbali, fahamu mipaka ya mahali unapofanyia kazi: mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, uitwao mhGAP, unamtaka mhudumu asiye bingwa asianzishe dawa kwa mtoto au kijana mwenye ugonjwa wa wasiwasi, wakati katika nchi nyingine, Marekani ikiwamo, madaktari wa huduma ya msingi huzianzisha wenyewe. Kama huruhusiwi, yafuatayo yatakusaidia kumfuatilia mtoto aliyeanzishiwa dawa na bingwa.

Dawa zenye ushahidi mzuri ni zile za kundi linalozuia seli za neva kuirudisha serotonini, kama sertralini, fluoksetini na esitalopramu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, wenye watoto na vijana 488 wa miaka 7 hadi 17, ulionyesha kwamba baada ya wiki 12 walioboreka sana walikuwa asilimia 80.7 ya waliopata sertralini pamoja na tiba ya fikra na mwenendo, asilimia 59.7 ya waliopata tiba hiyo peke yake, asilimia 54.9 ya waliopata sertralini peke yake, na asilimia 23.7 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tafsiri yake kwa vitendo ni kwamba dawa haichukui nafasi ya ngazi, bali humwezesha mtoto aliyezidiwa kuipanda.

Sertralini huanzwa kwa miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku na kuongezwa polepole kila baada ya wiki moja au mbili, bila kuzidi miligramu 200. Fluoksetini huanzwa kwa miligramu 5 hadi 10, na wengi huhitaji 10 hadi 20, ingawa wakubwa wanaweza kwenda juu zaidi. Kabla ya kuanza, uliza kama katika ukoo kuna ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kama anatumia dawa nyingine zinazogusa serotonini, tramadoli na linezolidi zikiwamo, kama hutumia ibuprofeni mara kwa mara kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu, na kwa msichana mkubwa, kama anaweza kuwa mjamzito.

Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliweka onyo zito kwenye dawa hizi baada ya kukusanya majaribio 24: mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa karibu asilimia 4 ya waliotumia dawa na asilimia 2 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Mweleze mzazi namba hizi waziwazi, kwa sababu atazikuta kwingine bila maelezo. Muone mtoto kila wiki kwa mwezi wa kwanza na kila dozi inapopandishwa. Kichefuchefu na kichwa kuuma hupita. Mtoto aliyeanza kuhangaika, kutotulia, kuongea bila breki na kukosa usingizi apunguziwe dozi, na akionyesha furaha iliyopitiliza au kutolala kabisa, dawa isimamishwe na bingwa apigiwe simu. Mzazi ndiye atunze dawa na kuitoa.

Diazepamu na jamaa zake hazina nafasi katika tiba ya kawaida ya wasiwasi wa watoto: huleta utegemezi, na hupunguza kujifunza kule kule ambako ndiko lengo la ngazi.

Mpe mzazi matarajio ya kweli. Nafuu inaweza kuanza wiki ya pili au ya nne, na dawa haihukumiwi mpaka wiki 8 hadi 12 zipite kwa dozi ya kutosha. Ikifaa, iendelee kwa miezi 6 hadi 12 baada ya kupona, kisha ipunguzwe polepole katika kipindi tulivu, kamwe si mwezi wa mitihani au wa kuhamia shule mpya. Kusimamisha sertralini ghafla huleta kizunguzungu na hasira. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo ni mpole zaidi upande huo.

Hatua ya 10: Fuatilia, na ujue wakati wa kutoa rufaa

Baada ya ziara ya kwanza, muone tena ndani ya wiki moja au mbili, kwa dakika kumi. Fungua daftari la ngazi kabla ya kuuliza habari za tumbo, kwa sababu kile unachokiuliza kwanza ndicho familia itakachokuletea. Wiki ya sita rudia dodoso, na hesabu siku alizokwenda shule. Hizi zinaweza kupanda hata kabla alama hazijashuka, na hilo ni jema. Kama hakuna kilichobadilika, chunguza kwanza kama mazoezi yalifanyika kweli, kabla ya kusema tiba imeshindwa.

Wasiwasi hurudi. Katika ufuatiliaji wa washiriki wa utafiti ule wa 2008, karibu nusu ya walioitikia tiba vizuri walipata dalili tena katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo mtoto anapopona, waandikie yeye na mzazi ukurasa mmoja wenye dalili zake za mwanzo na ngazi iliyomsaidia zaidi, na wajue kwamba wakirudi baada ya mwaka mmoja hawajashindwa.

Mpe rufaa mwenye hatari ya kujiua, mwenye dalili za kupoteza mawasiliano na uhalisia, aliyefanyiwa ukatili, aliyekosa shule kwa zaidi ya mwezi na mpango wa kurudi umekwama, mwenye mawazo ya kujirudia na vitendo vya kunawa au kukagua bila kikomo, mwenye dalili za usonji, anayepungua uzito, na yule ambaye miezi mitatu ya tiba iliyofanywa sawasawa haijamsogeza. Katika barua weka alama za dodoso za mwanzo na za sasa, vipimo vilivyofanyika ili visirudiwe, ngazi alizokwisha kupanda na pale alipokwama, pamoja na dozi na tarehe za dawa kama ipo. Foleni ya bingwa ikiwa ndefu, endelea kumuona kila baada ya wiki mbili, na familia iendelee na ile ngazi aliyofikia.